Kuunganisha Mikusanyo ya Nakala za Jeni: Mfano wa Mihogo ya Newala na Masasi

Makusudi ya makala haya ni kueleza kwa Kiswahili kazi moja ya elimu ya viumbe, nayo ni kuunganisha mikusanyo mingi ya nakala za jeni, iliyosomwa kwa mitambo mbalimbali, mpaka upatikane mkusanyo mmoja wa kuaminika. Kazi hii hufanywa kwa kompyuta na ina lugha yake, na mtu asiye wa fani huweza kudhani ya kuwa haimhusu. Walakini matokeo yake yafika mpaka shambani. Tumechagua mfano wa mihogo ya Newala na Masasi kwa sababu huko swali la jeni ipi humkinga mhogo na maradhi ni swali la chakula cha mwaka mzima.

Wasomaji wa jarida hili wameizoea kazi iliyo ndugu na hii, yaani kulinganisha miswada ya utenzi mmoja ulionakiliwa na waandishi wengi. Tutautumia mfano huo kila utakapofaa, maana mambo yamsumbuayo mhariri wa utenzi na yamsumbuayo mtaalamu wa jeni yanafanana kuliko mtu awezavyo kudhani.

I. Mahali, zao na ugonjwa

Newala iko ukingoni mwa magharibi mwa uwanda wa juu wa Makonde, mahali ambapo nchi hushuka ghafula kuelekea bonde la mto Ruvuma. Masasi iko chini ya uwanda huo, upande wa magharibi, kati ya vilima vya mawe. Wapenzi wa historia ya Kiswahili walijua jina la Masasi kwa sababu ya Askofu Edward Steere, mwanachuoni wa lugha hii, ambaye mwaka wa 1876 aliongoza kundi la watu waliokombolewa katika utumwa wakaanzisha makao huko.

Juu ya uwanda wa Makonde maji ya kuteka ni haba, na mvua ikinyesha huzama upesi katika udongo wa kichanga. Zao la fedha ni korosho. Katika chakula, mhogo una daraja kubwa, kwa kuwa hustahimili ukame, na ukishakomaa huweza kukaa ardhini miezi mingi mpaka mwenyewe auhitaji. Hung'olewa, humenywa, hukaushwa ukawa makopa, kisha husagwa ukawa unga wa ugali. Majani yake ni kisamvu. Kwa mkulima, shamba la mhogo ni ghala isiyohitaji paa.

Ugonjwa wa michirizi kahawia huibomoa ghala hiyo. Mtaalamu H. H. Storey, aliyekuwa katika kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, ndiye aliyeueleza kwa maandishi mara ya kwanza, mwaka wa 1936. Kwa miaka mingi ulihesabiwa kuwa ugonjwa wa pwani na wa nchi zisizozidi mita 1,000 juu ya bahari, na kusini mwa Tanzania umekuwapo kwa muda mrefu. Tangu mwaka wa 2004 umeonekana pia katika nchi za juu za Uganda na sehemu nyingine za maziwa makuu. Husababishwa na virusi vya namna mbili vilivyo karibu sana kwa nasaba. Huchukuliwa na nzi weupe wadogo wakaao chini ya majani, na pia husafiri ndani ya pingili za shina ambazo mkulima huzichukua kuwa mbegu.

Ubaya wa ugonjwa huu ni kwamba hujificha. Majani huweza kuwa na umanjano kidogo tu kandokando ya mishipa, na mmea ukasimama vizuri. Siku ya kung'oa ndipo mwenyewe akatapo mhogo akakuta ndani mna madoa ya kahawia, makavu na magumu, yasiyoliwa na mtu. Kwa hiyo wakulima wengine huvuna mapema, kabla uozo haujaenea. Wafanyapo hivyo huokoa sehemu ya mavuno, lakini mihogo huwa haijanenepa, na ile faida ya kuuweka mhogo ardhini kama akiba hupotea.

II. Mhogo mmoja, majina mawili

Hapo Amani, katika miaka ya 1930 na iliyofuata, Storey na wenzake walichanganya mhogo wa kawaida na mti wa jamaa yake uitwao kwa jina la kitaalamu Manihot glaziovii, ambao utomvu wake ulikuwa ukitumika kwa kutengenezea mpira. Vizazi vya mchanganyiko huo vilirudishwa kwa mhogo mara kadhaa, ili kupata mmea wenye mizizi ya kuliwa na wenye kinga ya yule mti wa mwitu. Mmoja katika wazao hao uliandikwa kwa nambari 46106/27. Baadaye ulitoka kituoni ukaingia mashambani, na wakulima, ambao hawana haja ya nambari, wakaupa majina. Kenya huitwa Kaleso. Tanzania huitwa Namikonga. Uchunguzi wa jeni umeonyesha kwamba Kaleso na Namikonga ni mmea mmoja.

Msomaji aliweke jambo hili moyoni, maana ndilo kiini cha makala haya: kitu kimoja chaweza kuja mbele yetu kwa majina mawili, na vitu viwili vyaweza kuja kwa jina moja. Anayeorodhesha bila kutambua hayo huhesabu vibaya.

Namikonga huvumilia michirizi kahawia vizuri. Aina nyingine iitwayo Albert hushindwa nao upesi. Kwa hiyo wataalamu wamezilinganisha hizi mbili mara nyingi. Wazao wa Namikonga na Albert walipandwa Naliendele, karibu na mji wa Mtwara, na Chambezi, upande wa Bagamoyo, na taarifa iliyotolewa mwaka wa 2017 ilionyesha sehemu kadhaa za kromosomu zinazofuatana na kinga ya mizizi. Kabla ya hapo, mwaka wa 2014, wataalamu wengine walisoma nakala za jeni za Kaleso na za Albert zilizokuwa na virusi. Waliona jeni zaidi ya 700 zilizozidi kufanya kazi katika Kaleso iliyougua, lakini hakuna hata moja kati ya hizo iliyofanana na jeni za kinga zilizokwisha julikana katika mimea mingine.

Jibu kama hilo laweza kuwa na maana mbili. Huenda kinga ya Namikonga ni ya namna nyingine kabisa. Au huenda jeni yenyewe haikuonekana vema katika orodha iliyotumiwa. Ili kuchagua kati ya maana hizi, hapana budi orodha ya nakala za jeni iwe kamili na safi, na hapa ndipo kazi ya kuunganisha mikusanyo inapoingia.

III. Maneno ya kazi hii

Kwanza tueleze maneno. Katika kila chembe ya mmea mna maandishi marefu ya DNA, yaliyoandikwa kwa herufi nne tu, A, C, G na T. Maandishi hayo yote kwa jumla huitwa jenomu. Sehemu ya maandishi yenye agizo la kutengeneza protini fulani huitwa jeni, na mhogo una jeni zaidi ya 30,000. Agizo likitakiwa, chembe hainyofoi ukurasa kutoka katika kitabu kikuu. Hutoa nakala yake kwa RNA, nayo nakala hupelekwa mahali pa kazi. Jumla ya nakala zilizomo katika jani, au katika mzizi, kwa wakati fulani, huitwa transkriptomu.

Jenomu ya Namikonga ni ileile katika jani na katika mzizi, lakini transkriptomu hubadilika. Mmea ulioingiwa na virusi hutoa nakala nyingi za jeni fulani na huzipunguza za nyingine. Kwa hiyo atakaye kujua mmea hufanya nini uonapo adui, husoma transkriptomu.

Nakala ya kawaida ina urefu wa herufi elfu moja au mbili hivi, na mitambo mingi haiwezi kuisoma yote kwa mara moja. Husoma vipande. Kazi ya kuviunga vipande mpaka nakala nzima ionekane tena twaiita kukusanya, na orodha ya nakala zilizopatikana kwa njia hiyo twaiita mkusanyo. Mtambo mmoja na programu moja hutoa mkusanyo mmoja. Mitambo mitatu na programu nne huweza kutoa mikusanyo kumi na miwili, na hakuna miwili iliyo sawasawa.

IV. Mitambo na makosa yake

Mhariri wa utenzi huanza kwa kuwachunguza waandishi. Mwandishi aliyetumia hati za Kiarabu kwa desturi ya zamani huweza kuandika herufi moja kwa sauti ya b, ya p na ya mb, na mhariri ajuaye hilo hatashangaa. Mwingine huruka mstari afikapo mahali ambapo mistari miwili imeishia kwa neno moja. Kosa la kila mwandishi likijulikana, laweza kusahihishwa. Vivyo hivyo kila mtambo wa kusomea jeni una kosa lake.

Njia ya kale ni ile ya Frederick Sanger, ya mwaka wa 1977. Husoma herufi 700 au zaidi kwa mara moja, kwa usahihi mkubwa, lakini ni ya polepole na ya gharama, hata nakala zilizo adimu hazifikiwi.

Mtambo ulioitwa 454 uliingia sokoni mwaka wa 2005, na sasa hautengenezwi tena. Ulisoma vipande vya mamia ya herufi, na jenomu ya kwanza ya mhogo, iliyotangazwa mwaka wa 2012, ilitokana nao kwa sehemu kubwa. Udhaifu wake ulikuwa katika kuhesabu herufi moja inayojirudia. Ni kama mtu ahesabuye mapigo ya ngoma yaendayo mbio: yakiwa mawili au matatu atayashika, lakini yakiwa saba atasema sita au manane.

Mitambo ya Illumina husoma vipande vifupi, mara nyingi vya herufi 100 mpaka 150, kwa mamilioni mengi na kwa makosa machache. Huzifikia hata nakala adimu. Lakini kwa kuwa kipande ni kifupi, jeni mbili zilizofanana huchanganywa kwa urahisi, kama mtu aliyepewa maneno matatu ya utenzi akaambiwa aseme yametoka katika ubeti gani.

Mitambo ya PacBio na ya Oxford Nanopore husoma nakala nzima tangu mwanzo hadi mwisho. Hapo zamani usomaji wake ulikuwa na makosa mengi, zaidi ya herufi 10 katika kila 100. Siku hizi umetengenezwa sana, hasa ule wa PacBio, ijapokuwa Nanopore bado hutatizwa na herufi zijirudiazo. Mtambo mdogo wa Nanopore uitwao MinION hushikika mkononi, na watafiti wa Afrika Mashariki wameutumia mashambani katika Tanzania, Uganda na Kenya kutambua virusi vya mihogo papo hapo.

Kosa la herufi moja laweza kuonekana dogo. Lakini chembe husoma maagizo ya protini kwa mafungu ya herufi tatu tatu. Chukua maneno haya: MTU ANA UJI NJE. Ondoa T peke yake, kisha usome tena kwa mafungu ya tatu: MUA NAU JIN JE. Fungu la kwanza bado ni neno la Kiswahili, hata msomaji asiyejihadhari aweza kudhani ameelewa, lakini yote yaliyofuata yameharibika. Ndivyo nakala yenye herufi moja iliyopotea hutoa protini isiyokuwapo.

V. Kwa nini kukusanya peke yake hakutoshi

Programu za kukusanya, mathalan Trinity iliyotolewa mwaka wa 2011, huvikata vipande vyote kuwa vijineno vya urefu mmoja, kama herufi 25, kisha hutafuta kijineno ambacho mwisho wake ni mwanzo wa kingine, vikaungwa. Ukichagua kijineno kifupi, utazipata nakala adimu, lakini utaziunga zisizohusiana. Ukichagua kirefu, utazitenga vizuri nakala zinazofanana, lakini zile adimu zitakatika vipande. Hapana urefu mmoja ufaao kwa nakala zote. Ndiyo sababu wataalamu hufanya mikusanyo mingi, kisha hutaka kuchukua kilicho bora katika kila mmoja.

Tuseme, kwa mfano tu, mkusanyo wa kwanza una maingizo 90,000, wa pili 60,000, na wa tatu 30,000. Tukivirundika pamoja tutapata 180,000, na mhogo una jeni zaidi ya 30,000 tu. Yaliyozidi ni nini? Mengi ni jeni ileile iliyoandikwa mara tatu. Mengine ni vipande vya nakala visivyokamilika. Mengine ni nakala halali za jeni moja iliyokatwa na kuungwa kwa namna mbalimbali, jambo lifanywalo na mmea wenyewe. Mengine ni vitu vya kigeni, kama virusi, kuvu na wadudu waliokuwa juu ya jani lililochumwa. Na mengine ni viumbe vya uwongo, kichwa cha jeni moja na mkia wa nyingine, kama utenzi wa mwandishi aliyefunua kurasa mbili pamoja.

Mtu asifikiri kwamba wingi wa mikusanyo ni wingi wa mashahidi. Miswada kumi iliyonakiliwa kutoka mswada mmoja wenye kosa italirudia kosa hilo mara kumi. Hali kadhalika mikusanyo mitano iliyofanywa na programu tano kwa vipande vilevile vya Illumina ni shahidi mmoja aliyeulizwa mara tano. Lakini vipande vya Illumina na nakala ndefu za PacBio zilizosomwa kutoka mzizi uleule ni mashahidi wawili, kwa kuwa makosa yao hayana asili moja. Wakikubaliana, neno lao lina uzito.

VI. Namna ya kuunganisha

Hatua ya kwanza ni kusafisha kila mkusanyo peke yake, kabla haujakutana na mingine. Maandishi ya virusi hutengwa. Hayatupwi, kwa maana virusi vya michirizi kahawia vina maandishi ya RNA ya herufi 9,000 hivi, na yakionekana katika mmea uliodhaniwa kuwa mzima, yatupasa kuyajua hayo mapema.

Hatua ya pili ni kusahihisha. Nakala ndefu zenye makosa hulinganishwa na vipande vifupi vilivyo sahihi, na mahali palipopotea herufi hujazwa. Kila mtambo husaidia palipo na udhaifu wa mwenzake: mrefu huonyesha umbo la nakala, mfupi huthibitisha herufi zake.

Hatua ya tatu ni kuvileta pamoja na kutoa marudio. Programu ziitwazo CD-HIT hulinganisha maingizo yote, na yanayofanana kwa kadiri iliyowekwa, kama herufi 95 au 98 katika kila 100, huwekwa kundi moja, likabaki lililo refu kuliko yote. Kanuni hii ya kumchagua mrefu ina hatari, maana yule wa uwongo mwenye vichwa viwili mara nyingi ndiye mrefu. Kwa hiyo njia nyingine, iitwayo EvidentialGene, huuliza kwanza: je, ingizo hili lina agizo la protini lililo zima, lisomekalo kwa mafungu ya tatu tatu tangu mwanzo mpaka kikomo? Lenye agizo zima hutangulia, hata kama liko fupi kwa jumla ya herufi. Swali hili ndilo lililo jema, kwa kuwa linaomba ushahidi kutoka nje ya programu iliyofanya mkusanyo.

Hatua ya nne ni hukumu, na hapa kompyuta haitoshi. Mhogo una mambo mawili yanayoifanya hukumu kuwa ngumu. La kwanza, hapo kale sana jenomu ya wazee wake ilijirudufu, na jeni nyingi zilibaki pacha: zinafanana kwa maandishi lakini kazi zao huenda zimetengana. La pili, mhogo hupandwa kwa pingili, na kila jeni ina maandishi mawili, ya upande wa mama na ya upande wa baba, ambayo huhitilafiana. Mwenye kuunganisha lazima azitenge zile pacha, na azikutanishe zile za mama na baba, na huenda hitilafu kati ya hizi na zile ni za kadiri moja. Kadiri ya 95 yaweza kumeza pacha halali. Kadiri ya 99 yaweza kuacha jeni moja ikasimama kama mbili.

Katika Namikonga lipo na la tatu. Utafiti wa jenomu uliotangazwa mwaka wa 2016 ulionyesha kwamba Namikonga bado ina vipande vya kromosomu vilivyotoka kwa Manihot glaziovii, yule mti wa mwitu wa Amani. Basi mahali fulani upande mmoja wa jeni ni wa mhogo, na upande wa pili ni wa mwitu. Kama kinga imetoka kwa mwitu, hitilafu hiyo ndiyo hasa itafutwayo. Anayeweka kadiri ya kufanana bila kufikiri huweza kuifuta kwa dakika moja, naye asijue kwamba amefuta kitu.

Mtu atauliza: kwa nini usichukue jenomu iliyokwisha kuandikwa ukalinganisha vipande nayo moja kwa moja? Hufanywa hivyo, na mara nyingi ndiyo njia ya kwanza. Lakini jenomu iliyotumika kwa miaka mingi kuwa kipimo ni ya mmea uitwao AM560-2, ambao asili yake ni Amerika ya Kusini. Haukupitia Amani. Kilichoingia kutoka mti wa mwitu hakimo katika kitabu hicho, na vipande vyake hutupwa kuwa havina pa kukaa, au hukalishwa mahali pa jeni ya mhogo iliyo jirani. Kwa sababu hii mkusanyo uliotokana na Namikonga yenyewe una faida ambayo kitabu cha ugenini hakiwezi kutoa.

VII. Kupima mkusanyo

Mkusanyo uliokwisha unganishwa upimwe kwa njia zaidi ya moja.

Njia ya kwanza ni kurudisha vipande vya awali. Kila kipande kilichosomwa na mtambo kiulizwe kinakaa wapi katika mkusanyo mpya. Vingi visipopata mahali, kuna nakala zilizoachwa.

Njia ya pili ni kuangalia jeni za msingi, zile zipatikanazo karibu katika kila mmea, kwa kawaida moja moja. Programu BUSCO, iliyotolewa mwaka wa 2015, huzihesabu kwa mafungu manne: zilizo nzima na pekee, zilizo nzima lakini zimerudiwa, zilizokatika, na zisizoonekana. Fungu la zisizoonekana likiwa kubwa, orodha ina upungufu. La zilizorudiwa likiwa kubwa, kuunganisha hakujafanyika vizuri, au pacha halali zimehesabiwa. Hapo hukumu inahitajika tena.

Njia ya tatu ni kulinganisha protini zilizotabiriwa na za mimea ya jamaa, kama mti wa mpira na mbarika. Ingizo ambalo nusu yake ya kwanza inafanana na protini moja na nusu yake ya pili na nyingine isiyohusiana, litiliwe shaka.

Kipimo cha urefu wa kawaida wa maingizo, ambacho hupendwa sana katika taarifa, kichukuliwe kwa hadhari. Maingizo ya uwongo huongeza urefu, na mkusanyo mbovu huweza kusifiwa kwa sababu hiyo.

VIII. Hasara ya kuunganisha vibaya

Hebu tutazame sasa mambo haya yanavyogeuka kuwa hasara. Mtafiti akishapata mkusanyo, huhesabu vipande vinavyoangukia kila jeni, katika Namikonga na katika Albert, ili ajue ipi imeongezeka. Tuseme jeni ya kinga ina vipande 900 katika Namikonga na 300 katika Albert. Tofauti yaonekana wazi. Lakini kama jeni hiyo imeachwa ikasimama kwa majina matatu, vipande vyake hugawanyika, 300 hapa na 300 pale, na kwa Albert 100 kila mahali. Ishara iliyokuwa na nguvu hudhoofika, na huenda isivuke mpaka wa hesabu za uthibitisho. Jeni huwa imo katika orodha, lakini hakuna anayeiona.

Kinyume chake, ikiwa pacha mbili zimeunganishwa kuwa moja, na moja imeongezeka na nyingine imepungua, jumla hutoka sawa, na mtafiti huandika kwamba hapana tofauti.

Liko kosa jingine linalostahili kutajwa peke yake. Ikiwa Namikonga ilisomwa kwa mtambo mmoja, na Albert kwa mwingine, basi kila tofauti itakayoonekana yaweza kuwa ya mitambo, isiwe ya mihogo. Mikusanyo ya mitambo mbalimbali yafaa kuunganishwa kwa ajili ya kupata orodha ya nakala. Kuhesabu nguvu ya jeni ni jambo jingine, na hapo kila aina ya mhogo isomwe kwa mtambo uleule, kutoka kiungo kilekile, katika siku ile ile ya ugonjwa.

Hasara ya makosa haya haiishii katika karatasi. Mzalishaji wa mbegu akipewa alama ya jeni isiyo ya kweli, atachanganya mimea, atapanda miche, atangoja karibu mwaka mzima mpaka mizizi ikomae, ataikata, na ataikuta imeoza. Atarudia mwaka wa pili, maana mwaka mmoja hautoshi kuthibitisha. Baada ya hapo mbegu zenyewe zahitaji kuongezwa pingili kwa pingili, maana shina moja hutoa pingili chache tu. Kila hatua hula misimu, na katika misimu hiyo mkulima wa Newala huendelea kung'oa mapema kwa hofu.

IX. Shamba nalo ni shahidi

Yafaa tumalize kwa kukumbusha kwamba mkusanyo ulio bora kuliko yote hautoi jibu la mwisho. Hutoa orodha fupi ya jeni zinazostahili kuchunguzwa. Orodha hiyo ilinganishwe na zile sehemu za kromosomu zilizoonekana katika wazao wa Namikonga na Albert. Jeni iliyomo katika orodha zote mbili ina haki ya kutangulia. Kisha ijaribiwe katika mmea wenyewe.

Vilevile aina za mihogo zilizoko mashambani zisisahauliwe. Namikonga siyo pekee. Kiroba hutajwa sana kwa uvumilivu wake, na kusini kuna Nanchinyaya, ambayo imetajwa katika taarifa za utafiti kuwa huvumilia michirizi kahawia. Majina haya yalitolewa na wakulima, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakichagua pingili za kupanda na za kutupa. Kabla ya kusoma nakala za jeni za aina yoyote iliyochukuliwa kijijini, iandikwe imetoka kwa nani, kijiji gani, na huitwaje huko na kwa majirani. Kisha ithibitishwe kwa jeni kama ni mmea mmoja na ule wenye jina jingine, kama ilivyothibitishwa kwa Kaleso na Namikonga. Asiyefanya hivyo atakuwa ameingiza mkanganyiko wa majina kabla hata mtambo wa kwanza haujawashwa, na hakuna programu itakayoweza kuutoa baadaye.